Kumpeleka Baba Nyumbani kwa Tairi za Lami

Tangu nirudi, kila mmoja wenu amenisimamisha kwa wakati wake, mwingine dukani, mwingine njiani kutoka msikitini, mwingine kwenye simu, akitaka kujua kilichotupata. Nimesimulia vipande vipande hadi nikaanza kujisikia kama ninasimulia ya mtu mwingine. Basi haya ndiyo yote, kwa mpangilio wake. Mambo ya hospitali na ya karatasi nayaruka. Yalikuwa marefu na hayamfai mtu.

Wengi wenu mnamjua mume wangu, Otim, kwa jina la Idirisa alilochukua tulipooana. Baba yake, Mzee Ochora, alikuwa askari polisi maisha yake yote, na tangu afiwe na mkewe alikaa nasi hapa Kasubi. Yeye alibaki na rozari yake na mimi na msala wangu, na nyumba haikuwahi kuwa ndogo kwa hilo. Tuliongea Kiswahili, mimi hiki cha kwetu tulichorithi kwa mababu waliofuata biashara kutoka pwani, yeye cha kambini. Kiacholi changu kinaishia kwenye salamu na majina ya vyakula.

Daktari alipotuambia kwamba hakuna tena la kufanya, mzee aliomba jambo moja tu. Apelekwe kwao kaskazini, afike angali anaona. Otim, ambaye naye ni polisi, yuko Karamoja kikazi na ruhusa ilikuwa haijatoka. Ikabaki pikapu yangu, mimi kwenye usukani, na wifi yangu Akello wa kumshika baba yake kiti cha nyuma.

Katwe

Pikapu ile mnaijua, ya milango minne, inayobeba mafuta ya kupikia na sukari kwenda kwenye mahoteli ya Kabalagala na maduka ya Luzira. Tairi zake zilikuwa zimekwisha kuwa kipara. Mjini nilikuwa ninavumilia, naenda polepole, mvua ikinyesha naegesha. Lakini sikuweza kumpandisha mgonjwa kwenye tairi zile na kumpeleka mwisho wa nchi.

Siku tuliyomtoa mzee hospitali tulipitia Katwe moja kwa moja, kwa muuza tairi mmoja wanayemwita Ssalongo kwa sababu ana mapacha. Mzee alibaki ndani ya gari, dirisha likiwa wazi, akisikiliza kila kitu.

"Nyabo, gali hii inatembea wapi zaidi?" Ssalongo aliniuliza, akiniita bibi kwa Kiganda, na r ikimshinda.

"Hapa hapa mjini. Lami. Lakini kesho kutwa inakwenda kaskazini, na mwisho wa safari kuna udongo."

"Udongo mlefu?"

"Kipande kifupi," Akello alijibu. "Ukiacha barabara kubwa, unapita shule, unashuka kwenye kijito, unapanda, umefika."

Ssalongo akanipangia tairi tatu ukutani. Ya kwanza ilikuwa na meno makubwa kama ya trekta, ya kuchimba matope. Ya pili ilikuwa ya lami, uso wake umejaa mpira, na mifereji mirefu ya kupitisha maji. Ya tatu ilikuwa katikati, meno kidogo na mifereji kidogo, lakini ya saizi yangu alikuwa nazo mbili tu. Akataka nizifunge hizo mbili nyuma na za lami mbele. Nikakataa. Sikutaka gari lishike njia kwa namna mbili.

Akanionyesha pia mitumba, minene bado, ya bei nafuu. Nikainama kusoma zile tarakimu za ubavuni zinazoonyesha juma na mwaka tairi ilipotengenezwa. Tairi zilikuwa kuukuu. Ukikunja ubavu, nyufa ndogo zinafunguka kama kisigino kilichokauka. Nikazirudisha.

Ikabaki meno au lami. Nilisimama pale muda mrefu hadi Ssalongo akaniletea stuli. Tairi ya meno inalia barabarani kama nyuki, inakula petroli, na kwenye lami inalika upesi. Hayo ningeyameza. Lililonitisha ni mvua. Meno yale yanagusa lami kwa sehemu chache tu, na lami ikilowa, ukikanyaga breki gari linakwenda kama limevaa ndala zilizopakwa sabuni. Nilijua, kwa sababu kaka yangu alikuwa nazo zamani na niliendesha gari lake. Na safari yetu karibu yote ilikuwa lami, barabara ya malori na mabasi. Tena huko kaskazini kulikuwa kukavu. Siku ile ile baba mdogo, Oryem, alikuwa ametuambia kwa simu kwamba njia ni ngumu kama sakafu.

Mzee akaniita dirishani.

"Mama Salim, wewe chukua ile ya meno. Mimi najua udongo ya kwetu. Ikilewa, haina heshima."

"Baba, huko hakujanyesha. Na njia yote ni lami."

Akanitazama kidogo, halafu akafunga macho. "Sawa. Gari ni yako, dereva ni wewe."

Nikachukua nne za lami na ya tano ya spea, zenye ubavu mgumu wa kubebea mzigo. Walipozifunga, usukani ukawa mwepesi mikononi mwangu kama gari la mtu mwingine. Nilifurahi. Nayasema haya kwa sababu mmeniuliza nilijisikiaje.

Kasubi hadi Bombo

Tuliondoka alfajiri. Kiti cha nyuma tulikitandika godoro, mzee akalala kichwa mapajani mwa Akello, miguu imekunjwa, amefunikwa shuka jeupe. Nyuma tulibeba nguo zake, mchele, sukari, na kiti chake cha kamba alichokataa kukiacha.

Bombo alitaka chai ya maziwa. Mama mmoja wa Kinubi, mwenye meza ya mandazi kando ya njia, alikuja nayo mwenyewe hadi kwenye gari, akamwona mzee na kumwamkia kwa Kiswahili. Mzee akajaribu kukaa wima.

"Askari," mama yule akasema. "Huyu ni askari. Wangu naye alikuwa hivi. Hawezi kuzungumza na mtu amelala."

Alimshikia kikombe. Mzee alikunywa robo yake, na hicho ndicho chakula cha mwisho nilichoona kikimwingia kwa hiari yake. Waliulizana walikuwa kambi zipi, wao na wenzao, wakitaja miji ambayo mimi sijafika. Nilikuwa na haraka, lakini sikuwaingilia.

Migyera

Jua lilikuwa limepanda tulipofika Migyera. Nilisimama ninunue gonja, zile ndizi za kuchoma, na nyama, kwa sababu Akello hakuwa ametia kitu mdomoni. Wachuuzi wakatuzunguka na vijiti vyao, kama kawaida, halafu mmoja akachungulia nyuma, akaona shuka jeupe na uso wa mzee, macho yamefumbwa. Akarudi nyuma, akawaambia wenzake kwa Kiganda, na kelele zote zikazimika. Waliokuwa wakisukumana wakasimama wima. Mwanamke aliyekuwa ananiuzia gonja akasukuma mkono wangu wenye pesa.

"Hapana, nyabo. Mwenye msiba hatumuuzii. Poleni sana. Mfike salama na marehemu."

Nyuma yangu nikasikia sauti ya mzee, kavu, taratibu.

"Marehemu bado. Mama Salim, mlipe mama pesa yake."

Yule mwanamke akapiga magoti pale pale kwenye vumbi akiomba radhi. Akello alicheka, na kicheko kikageuka kilio bila kupumzika katikati. Nililipa. Tulikwenda mbali kabla mzee hajasema tena, na aliposema alikuwa ananiuliza mimi, hakuwa anamuuliza binti yake.

"Mimi naonekana hivyo kweli?"

"Shuka, baba. Ni shuka jeupe lile."

"Toa shuka," alimwambia Akello. Akafunikwa kwa kanga yangu.

Kafu hadi Karuma

Mvua ilitukuta tulipovuka mto Kafu. Haikuwa mvua ya msimu ule na ilikuja na upepo, mchana ukawa na giza. Nilikuwa nyuma ya lori la mkaa, nimeacha nafasi ya kutosha, mwendo wa wastani. Mbele kwenye kona basi likatokea, likilipita trela, limeshika upande wetu. Lori la mkaa likafunga breki.

Nilikanyaga breki. Nilisikia tairi zikishika, zote nne kwa pamoja, na gari likanyooka. Halikuyumba wala kuteleza. Tulisimama pua yetu ikiwa karibu na magunia ya mkaa kiasi kwamba mtu asingepita katikati. Basi likapita ubavuni huku likipiga honi. Nikabaki nimeshika usukani.

Hapo ndipo nikasikia Akello anaita baba, baba. Mzee alikuwa ameanguka chini, kati ya viti, amebanwa ubavu. Nilishuka kwenye mvua, nikafungua mlango, tukamwinua pamoja. Alikuwa mwepesi kuliko gunia la sukari. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu.

"Tairi hii nzuri," alisema.

Sijawahi kumsikia akisema jambo kwa upole namna ile. Lakini tangu pale pumzi yake ilibadilika. Ilikuwa inakwenda na kugota, kama mtu anayepanda ngazi na kusimama kila baada ya hatua. Akello alisema ni ubavu. Huenda. Kama tairi zingekuwa zile za meno, naamini tungekufa sote watatu chini ya lori lile. Hilo nimelisema mara nyingi tangu siku ile, kwa watu ambao hawakutaka kulisikia.

Kabla ya daraja la Karuma foleni ilikuwa imesimama. Trela lilikuwa limelala kukata barabara na hapakuwa na njia ya pembeni. Tulikaa pale saa na saa. Nyani walikuwa wanapita juu ya maboneti ya magari wakitafuta ndizi. Dereva wa Kikongo aliyekuwa nyuma yetu alikuja na chupa ya maji ya moto na tangawizi, akaniuliza kwa Kiswahili cha kwao kama baba "anaweza." Nikamwambia hawezi, ni mgonjwa sana. Akashangaa, akauliza tena. Alikuwa anamaanisha kama anaweza kunywa tangawizi. Nikamwambia ajaribu, na mzee akalowesha midomo.

Tulipofunguliwa njia, mchana ulikuwa umetuishia. Tukalala Gulu.

Gulu

Mwenye nyumba ya wageni alitupikia malakwang, zile mboga chungu zilizoungwa kwa karanga, na viazi vitamu. Akello alipeleka sahani karibu na pua ya baba yake. Akanusa muda mrefu, akatabasamu, akageuza uso. Asubuhi nikampigia Oryem.

"Mvua imenyesha huko?"

"Imenyesha," akasema. "Lakini njooni. Watu wamekusanyika."

Nilimuuliza Akello kama tusubiri siku moja udongo ukauke. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi. Akaanza kufunga mizigo.

Udongo

Lami ilitupeleka vizuri hadi karibu kabisa. Tukakunja, tukapita shule. Udongo ulikuwa mweusi, unang'aa kama umepakwa mafuta. Niliteremka kwenye kijito kwa gia ya kwanza, bila kugusa breki, na maji yalikuwa machache. Kupanda ng'ambo ya pili ndiko kulikotushinda. Ile mifereji mizuri ya kupitisha maji ilijaa udongo kabla hatujafika katikati ya mlima, na tairi zikawa mipira minne laini. Gari likarudi nyuma kinyumenyume, likageuka, likakaa ubavu kwenye mtaro.

Nilijaribu kila kitu. Nilitoa upepo kidogo kwenye tairi ili zilale. Tulikata matawi tukayaweka chini, tukaweka mkeka, tukaweka hata kile kiti cha kamba. Tairi zilikisaga kiti na kuzunguka pale pale.

"Nakwenda kuita watu," Akello akasema. "Ni hapo juu tu. Nitarudi na ng'ombe."

Akavua viatu, akapanda. Nikaingia kiti cha nyuma, nikaweka kichwa cha mzee mapajani mwangu. Mkwe na mkwewe hawakai hivyo, mnajua, wala kwao wala kwetu. Lakini gari lilikuwa limelala upande na angeanguka.

Nikamwambia, "Baba, tumefika. Akello amekwenda kuwaita."

Akafungua macho na kuanza kuzungumza. Alizungumza Kiacholi. Mwanzoni nilidhani anamwita binti yake, nikamwambia Akello anakuja. Akaendelea. Hakuwa anaweweseka. Mtu anayeweweseka namjua, nimemuuguza mama yangu. Huyu alikuwa anazungumza kwa mpango, sentensi na sentensi, anasimama kutafuta pumzi, anaendelea alipoachia. Alikuwa ananitazama usoni.

"Baba, sema Kiswahili. Ni mimi, Mama Salim. Sema Kiswahili, baba."

Alisita. Niliona anatafuta. Midomo ilijaribu kitu, kisha ikakiacha, na Kiacholi kikarudi. Simu yangu haikuwa na mtandao. Nilifikiri kurekodi, lakini simu ilikuwa kiti cha mbele na kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu, na sikuweza kukiweka chini. Basi nikasikiliza. Niliitikia kila aliposimama, "ndiyo, baba," kama mtu anayeelewa, kwa sababu niliona akinyamaziwa anaongeza nguvu, na nguvu hakuwa nazo.

Aliponiuliza swali, nadhani lilikuwa swali, sauti yake ilipanda mwishoni, nilijibu, "Ndiyo." Akanibana vidole. Sijui nilikubali nini.

Baada ya hapo hakusema tena. Pumzi ilipanda ngazi, ikasimama, na haikupanda tena. Nilimfumba macho. Nikasoma nilichojifunza kwetu, kisha nikaitoa rozari yake mfukoni na kuizungusha mkononi mwake, maana hicho ndicho angekitaka.

Akello alirudi na wanaume na jozi mbili za ng'ombe wa kulimia. Alikuwa anakimbia mbele yao. Akaniona nilivyokaa, akapunguza mwendo, halafu akasimama.

Walilifunga gari kamba, na ng'ombe wakatuvuta mlimani na kutufikisha hadi uani. Injini ilikuwa imezimwa. Nilishika usukani kwa sababu mtu alipaswa kuushika.

Nyumbani kwa baba

Wanawake waliufuata mlango wa nyuma wa gari wakilia. Oryem, mdogo wake mzee, hakuja mlangoni. Alichuchumaa kwenye tairi, akapitisha kidole kwenye udongo uliojaa mifereji, akasema kwa Kiswahili ili mimi nielewe.

"Hii tairi ya harusi. Ndugu yangu alikufia mtaroni kwa sababu ya tairi ya harusi."

"Ungemwambia njia imelewa," Akello akamjibu.

"Mimi nilimwambia imenyesha."

Nilitaka kumweleza kuhusu basi na lori la mkaa. Nilianza. Akasimama na kuondoka nikiwa katikati ya neno.

Otim alifika siku ya pili kwa lori la polisi, amevaa magwanda, matope hadi magotini kwa sababu hata lori lao liliachwa limekwama kijitoni. Lilikuwa na tairi za meno. Hakuna aliyelizungumzia hilo, na mimi sikulizungumzia. Tulimzika mzee mchana, padri akasoma, wazee wakapiga baragumu. Nilipika na wanawake, nikasaga karanga, nikaosha sufuria. Mwanamke mmoja aliniambia kwa ishara kwamba nakaa vizuri. Alimaanisha nakaa vizuri kwa mgeni.

Jioni Otim akanichukua pembeni, na Akello akatufuata.

"Akello anasema alikuwa hai alipoondoka. Alisema nini?"

"Alisema mengi. Kwa Kiacholi."

Nilimwona anaelewa. Alikaa chini.

"Kumbuka," akasema. "Hata sauti tu. Sema ulivyosikia."

Nikasema nilivyosikia. Yalikuwa yamenikaa kichwani siku nzima, nilidhani ninayo, lakini yalipotoka mdomoni yalitoka na ulimi wangu. Wote wawili waliinamisha vichwa kunisogelea. Akello alidaka kitu kimoja, akauliza kama ni "maji" au ni "ardhi," kwa maana kwao hutofautiana kidogo katika kutamka. Nikasema tena, nikawa sina hakika. Nikasema mara ya tatu, na safari hiyo ikawa tofauti na mbili za kwanza.

"Na aliuliza swali," nikawaambia. "Nikajibu ndiyo."

"Swali gani?"

"Sijui."

Akello akaweka mkono kinywani. Otim akaniambia nimefanya vizuri kujibu. Hakuwa ananitazama.

Kurudi

Nilirudi peke yangu, udongo ukiwa umekauka na mgumu kama sakafu. Nilipita kijitoni bila kubadili gia. Karuma hapakuwa na foleni. Sikusimama Migyera.

Mliouliza kuhusu tairi, bado ziko kwenye gari, na jana zilipeleka mafuta Luzira kwenye mvua salama. Mwenye pikapu ya mjini akiniomba ushauri nitamwambia anunue hizo hizo, na kama anakwenda mahali kama kule, asubiri jua. Sisi hatukuwa na muda wa kusubiri. Sina ushauri wa kumpa mtu asiye na muda.

Otim amerudi Karamoja. Jana alipiga simu, tukaongea habari za watoto, ada, na bomba la maji linalovuja. Kisha nikasikia akifunga mlango.

"Uko peke yako?" akauliza.

"Niko peke yangu."

"Jaribu tena," akasema.

Nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikafumba macho, nikajaribu. Aliniacha nimalize. Nilisikia anayarudia upande wa pili, polepole, neno baada ya neno, akiyageuza kinywani kama yanaweza kuwa kitu.